Shaba Isiyotakiwa Kung'aa

Ami yangu hakunipenda, nami sikumpenda. Nalisema mapema ili msomaji asijisumbue kutafuta mahali tulipopatana. Alikuwa mdogo wake baba. Baba alipokufa, Ami alirithi benchi la kufulia shaba, jiliwa la kubania, nyundo zote na kauli ya mwisho nyumbani. Mimi nilirithi dada wawili.

Nyumba ilikuwa ya babu, Mji wa Kale, katika kichochoro chembamba kiasi kwamba punda mwenye mzigo akipita, watu hujibana milangoni. Ami alifanya kazi chumba cha chini, mlango wazi, ili wapitao wamwone. Sisi tulikaa juu. Kutwa nyundo yake iligonga chini ya miguu yetu, na dada yangu anifuataye, aliyekuwa na ulimi mkali tangu utotoni, alizoea kusema kila ikianza, "Haya, Ami atutwanga."

Mama alikufa akimzaa kitinda mimba wetu. Baba alimfuata kwa homa, nami nikatolewa skuli nikiwa bado najifunza kugawanya. Ami aliniweka benchini nijifunze kazi ya ukoo, yaani madele ya kumiminia kahawa na masinia. "Mkono wako mzito," alisema, kisha akanipiga kwa mpini wa nyundo ili uwe mwepesi. Haukuwa. Nilivumilia mpaka nilipoota ndevu za kwanza, ndipo nikaenda Kilindini kuosha mitambo ya winchi za kupakulia mizigo. Huko niligundua kwamba mkono ulio mzito kwa dele si mzito kwa parafujo.

Hivyo ndivyo nilivyokuja kuwa dereva na fundi wa motokaa, miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani. Tajiri wangu alikuwa muuza nguo wa Ndia Kuu. Motokaa aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na nia yake ilikuwa kuwachukua abiria wa meli kutoka Kilindini hadi mjini. Siku hizo watu walisafiri kisiwani kwa toroli, vile vigari vyenye paa la turubai vilivyopita juu ya reli nyembamba, nyuma yake wanaume wawili wakisukuma mbio. Wasukuma toroli walituchukia kwa haki kabisa. Motokaa ilikuwa imekuja kula chakula chao, na mwenye kuiendesha nilikuwa mimi.

Iliwafurahisha sana ilipoharibika. Katika injini ya petroli kuna bomba tulilokuwa tukiliita bomba la pumzi. Lina mdomo mmoja chini na matawi mawili juu. Kabureta hutia petroli kwenye hewa kwa mdomo ule, na matawi huipeleka hewa hiyo kwenye silinda. Bomba letu lilipasuka. La kulibadili lilikuwa Ulaya, na Ulaya ilikuwa mbali. Tajiri akalipeleka kwa msubu mmoja wa mjini, mwenye kuyeyusha shaba na kuimimina kwenye kalibu, akamsubia bomba jingine kwa shaba ya manjano. Kwa nje lilifanana na lile la kwanza. Kwa ndani lilikuwa kama ganda la chaza, lenye vinundu na mikunjo ya mchanga wa kalibu, na matundu yake hayakukutana sawasawa na matundu ya injini.

"Mimi nimesubu," msubu aliniambia. "Kusugua ni shauri lako."

Tulilifunga hivyo hivyo. Kwenye njia ya sawasawa motokaa ilikwenda. Ilipofika kwenye mpando wa Kilindini ilikohoa, ikatetemeka, ikasimama, na tajiri wangu akiwa ndani na kanzu yake ya kutarizi. Wasukuma toroli walipita pembeni wakiimba.

Tajiri hakunipigia kelele. Alishuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Jumamosi yaingia meli ya abiria. Gari hii ikisimama mbele ya wageni wangu, naagiza dereva Bombay. Wewe utarudi kwenye winchi zako, kama watakutaka."

Habari haikai Mji wa Kale. Kabla sijafika nyumbani Ami alikuwa ameshaisikia, na alikuwa ameketi barazani kwa jirani na wazee wa mtaa, akinisubiri kama mtu asubiriye pilau.

"Masalkheri, Ami."

"Masalkheri. Watu wasema umeachishwa."

"Sijaachishwa."

"Bado, wataka kusema." Akawageukia wale wazee. "Mashahidi ni nyinyi. Huyu ni mwana wa ndugu yangu, na wale wasichana ni amana yangu. Mke wangu yuko Malindi na mama yake hawezi kitandani. Tangu watumwa waachiliwe nyumba ile haina mikono. Nimemwambia kijana huyu mara nyingi, nipe hawa watoto niwapeleke wakakae na mwanamke mwenziwao. Hataki. Asema ana kazi, atawalisha. Haya, kazi yenyewe ndiyo hiyo yakohoa njiani."

"Kukaa?" nilisema. "Au kuosha nepi za mgonjwa na kupepeta mchele wa watu?"

Ami akainuka, na hapo akafanya jambo ambalo nadhani alilijutia baadaye. Aliapa. Alitaja jina la Mungu mbele ya watu wale wote, akasema nikiachishwa kazi, wasichana wanakwenda Malindi kwa chombo cha kwanza. Na nikibaki kazini, hatawagusa wala kuwataja tena maisha yake. Aliapa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda. Kwetu yamini iliyosikiwa na baraza nzima haina mlango wa nyuma.

Nilipopanda juu nilimkuta dada yangu dirishani. Alikuwa amesikia kila neno.

"Mimi Malindi siendi," alisema. "Nitamtia yule mama pilipili kwenye uji."

"Huendi."

"Na huyu?" Alimwonyesha mdogo wetu, aliyekuwa amelala mkekani mdomo wazi. "Huyu atakwenda akilia, na atatii, na baada ya mwaka atakuwa hajui kuwa ana ndugu."

Nilishuka kwenda kulifungua bomba kwenye gari, iliyolala kwa tajiri Ndia Kuu.

Kazi niliifanyia uani, karibu na birika la maji ya kutawadhia, kwa sababu jiliwa la baba lilikuwa chini kwa Ami na nisingemwomba. Bomba nililibana kati ya magoti. Kwanza nilitaka matundu yakutane, na kwa hilo nilikuwa nikienda garini na kurudi. Nilipaka masizi ya taa pembezoni mwa matundu ya injini, nikalibana bomba hapo kwa mkono, nikalitoa. Pale masizi yalipogusa shaba, ndipo shaba ilipozidi, na ndipo nilipoipeleka tupa. Ukipaka na kukwangua na kupaka tena, unafika mahali ambapo ukipitisha kidole kutoka bomba hadi injini hukuti ngazi. Hewa nayo ni kama kidole hicho, ikikuta ngazi hujikwaa.

Ndani ya mikunjo tupa haifiki. Hapo nilitumia njia ya ukoo wetu, maana kuchukia benchi si kusahau. Mdomo wa dele la kahawa umepinda kama shingo ya bata, na wafua shaba wa kwetu huusafisha kwa kamba ya kumbi la nazi. Kamba hupakwa shahamu, ikagaragazwa kwenye mchanga, ikapitishwa ndani, na watu wawili huivuta huku na huku kama msumeno. Nilikaa upande mmoja, dada yangu upande wa pili, miguu yake ameikaza kwenye ukuta wa birika. Mdogo wetu, aliyekaa katikati, tulimmwagia mchanga kichwani.

"Vuta, kaka. Wavuta kama mtu aliyefunga."

"Na wewe wavuta kama mtu aendaye Malindi."

Alivuta kwa nguvu hata nikaanguka kifudifudi. Ndiyo ilikuwa furaha ya nyumba ile kwa siku zile.

Ami alipita akienda kutawadha. Alisimama, akatazama, akatema mate kando. "Baba yenu alipitisha kamba kwenye madele ya mawalii. Nyinyi mwapitisha kwenye matumbo ya shetani." Akatawadha juu ya mchanga wetu.

Alhamisi asubuhi nililifunga bomba, nikaijaza gari magunia ya mchanga mahali pa abiria, nikaipeleka Kilindini peke yangu. Ilipanda. Ilipanda ikinguruma kwa sauti nzito iliyotulia, wala haikukohoa hata mara moja, na kule juu nilijikuta nimefumba jicho moja kwa hofu na sikukumbuka kulifumba. Kasoro ilikuwa moja tu. Pale bomba linapokalia injini palikuwa pakivuja hewa, sauti nyembamba kama ya nyoka, kwa kuwa uso wa bomba haukuwa umenyooka. Nikalifungua, nikalirudisha nyumbani, nikausugua uso ule juu ya kipande cha kioo mpaka ukalala sawa. Kisha nikaliacha uani juu ya jamvi, nikaenda Kilindini kutafuta kipande cha ngozi nyembamba cha kuwekea katikati.

Niliporudi alasiri, bomba lilikuwa liking'aa.

Sijui niseme vipi lilivyong'aa. Nimekulia kati ya shaba iliyosuguliwa, lakini lile lilikuwa limesuguliwa na bingwa. Nje ulijiona ndevu. Nikalielekeza kwenye mwanga na kuchungulia ndani, na ndani kulikuwa laini kama tone la asali, kila alama ya tupa yangu na kila mkwaruzo wa kamba umefutika.

"Ami," dada yangu alisema kabla sijauliza. "Alikuja tu, akalichukua. Nikamwambia, Ami, liache la kaka. Akaniambia nyamaza. Amekaa nalo tangu adhuhuri. Msasa, majivu, ukwaju, kisha kitambaa chembamba akakivuta ndani kama anasafisha bunduki. Jasho lamtoka. Hata kahawa hakunywa."

"Alisema nini?"

"Alisema kazi ya shaba haitoki nyumba hii na sura ile. Alisema watu watauliza nani ameifanya."

Nilishuka. Alikuwa anafunga chumba.

"Ahsante, Ami."

"Si kwa ajili yako," alisema bila kugeuka. "Ni kwa jina la babu yako. Wewe jina hilo huwezi hata kulifulia nguo."

Nililala nikijiuliza kama kweli chini ya ule moyo wa jiwe palikuwa na kitu. Nililitazama bomba tena asubuhi, na nakiri lilinipendeza. Sikuona sababu ya kitu laini kuwa kibaya. Kama kulainisha kidogo kuliipandisha gari, basi kulainisha sana kutairusha. Hivyo ndivyo afikirivyo kila mtu aliyezaliwa nyumba ya wafua shaba. Kwetu kitu kisichong'aa hakijakwisha. Nikaenda kulifunga, na ngozi yake katikati.

Ijumaa baada ya sala tajiri alikuja Kilindini kujionea. Alileta wenzake wawili wanene, kwa makusudi, wawe ndio mzigo. Habari ilikuwa imeshafika, na wasukuma toroli walikuwa wamekaa kwenye reli zao kama watu waliokuja ngomani. Niliwasha. Tangu pale injini ilikuwa haina raha. Ilitoa moshi mweusi, ikazima, nikaiwasha tena. Nikaingia mpandoni. Nusu ya njia ikaanza kuguguma, ikapiga mshindo mmoja nyuma kama fataki, ikafa. Gari ikaanza kurudi kinyumenyume na wale wanene wakishikana mikono.

"Yakhe!" mmoja wa wasukuma alipaza sauti. "Shukeni, msukume kama sisi!"

"Ina pumu hiyo! Iandikieni kombe inywe!"

"Toroli letu halikohoi, bwana! Panda huku, wewe mwenye tumbo, twakupa mto!"

Nilizuia gari kwa jiwe. Tajiri alishuka. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo zaidi. "Jana uliniambia imepanda."

"Ilipanda."

"Na magunia?"

"Na magunia."

"Basi abiria wangu wote wawe magunia." Akatazama bahari kule meli itakakotokea. "Kesho asubuhi. Sitasema tena."

Akapanda toroli na wenzake. Wale wasukuma walimchukua mbio kwa madaha, mmoja akinipungia kofia yake.

Nilikaa pale mpandoni, nikafungua plagi. Zilikuwa zimelowa, nyeusi. Nikaondoa kabureta, nikatia kidole ndani ya mdomo wa bomba. Kidole kilitoka kinachuruzika petroli. Niliinama nikachungulia, nikaona ndani ya shaba ile iliyong'aa matone yamejipanga, yakiteleza kuelekea chini, yakakusanyika kama maji kwenye sinia lililotoka kuoshwa.

Mimi si msomi, na wajuzi wa leo watalieleza kuliko mimi. Nilichokuwa nacho ni kulinganisha. Jana bomba lilikuwa hili hili, petroli hii hii, mpando huu huu, na mzigo haukuwa mwepesi zaidi. Uvujaji nilikuwa nimeuziba, na kuziba tundu dogo vile peke yake hakuwezi kulowesha plagi hivi. Kilichozidi kilikuwa mng'ao peke yake. Petroli yatakiwa ifike ndani ya silinda ikiwa ukungu. Kwenye ukuta wenye mikwaruzo upepo unapita ukihangaika, unaifumua petroli na kuichukua. Kwenye ukuta uliolainishwa kama kioo petroli ilitulia, ikawa maji, ikateleza, na injini ikanyweshwa badala ya kupumua. Ami alikuwa amelitengeneza bomba liwe dele. Kwa kahawa lingefaa sana.

Watu wameniuliza miaka yote kama alifanya kusudi. Hapana, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Mtu mwenye nia ya kuharibu huharibu haraka, hakai tangu adhuhuri bila kahawa. Alisugua kwa kiburi. Kiburi chake kilifanya kazi ambayo uadui wake usingeweza kuifanya.

Jua lilikuwa bado juu nilipoingia kichochoroni na bomba begani. Ami alikuwa mlangoni, na kwa macho yake tu nilijua amekwisha kusikia. Nyuma yake, juu ya benchi la baba, palikuwa na mafurushi mawili yamefungwa kwa kanga. Nguo za dada zangu.

"Chombo chaondoka kesho mchana," alisema.

"Meli yaingia kesho asubuhi."

"Wacha ubishi, kijana. Nimekusaidia kwa mkono wangu mwenyewe, hata hivyo umeshindwa. Wataka nini tena?"

"Nataka mchanga," nikasema. "Ule mnene, wa pwani."

Nilipita uani, nikamwita dada yangu. Alishuka macho mekundu, na alipoona nimeshika kamba ya kumbi alijifunga kanga kiunoni. Alikwenda kukaa mahali pake pale pale. Tulipaka shahamu, tukaigaragaza kamba kwenye mchanga mnene, wenye vipande vya makombe ya bahari ndani yake, nikaipitisha mdomoni na kuitoa kwenye tawi la kwanza.

Ami alitufuata. Hakuamini mpaka aliposikia sauti. Mtu aliyeishi na shaba anaijua sauti ya shaba inayokwaruzwa. Ni kama kucha kwenye jino.

"Wafanya nini?"

"Nakwaruza, Ami."

"Wakwaruza kazi yangu?"

"Ndiyo."

"Mbele ya macho yangu?"

"Ukitaka, geuka."

Nilitarajia anipige. Niliuona mkono wake ukitafuta mpini hewani, kama zamani. Lakini hakunipiga. Alisimama juu yetu na uso wake ukawa mzee ghafla, na sauti iliyomtoka haikuwa ya kugomba. "Katika nyumba hii," alisema, "tangu babu yenu, hakuna mtu aliyeirudisha kazi nyuma. Mtu huongeza. Kazi mbovu huifanya nzuri. Nzuri kuifanya mbovu, hilo sijapata kuliona. Baba yako angalikuwa hai angekufa leo."

"Baba angeuliza gari yapanda au haipandi," dada yangu alisema, na akavuta.

"Nawe nyamaza! Kesho wewe ni wa Malindi."

"Basi leo niache nivute."

Hapo ndipo nilipomweleza, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nilimwambia juu ya matone, juu ya plagi zilizolowa, juu ya ukungu na maji. Nilieleza vizuri kadiri nilivyoweza, nikamwelekezea bomba kwenye mwanga aone. Hakuinama. Aliniacha nimelishika hewani mpaka mkono ukachoka.

"Sina haja ya kuchungulia," alisema. "Najua kilichomo. Nimekitia mimi."

Akaingia ndani. Nyundo haikugonga tena siku ile. Sisi tuliendelea mpaka adhana ya magharibi, tawi la kwanza, kisha la pili, na mng'ao ukaondoka kidogo kidogo. Mwisho ndani kulikuwa na weupe wa vumbi, sawasawa kila mahali, hakuna vinundu vya msubu wala kioo cha Ami. Sura yake ya nje sikuigusa. Iling'aa na kubaki iking'aa, nayo haikumdhuru mtu.

Jumamosi meli ilitia nanga na mashua zikaanza kuleta abiria. Tajiri alinipa Mzungu mmoja na mkewe na masanduku yao, na yeye mwenyewe akakaa pembeni yangu ili anifukuze papo hapo ikibidi. Wasukuma toroli walikuwa tayari na maneno yao. Niliwasha. Moshi haukuwa mweusi. Nilingoja kidogo injini ipate joto, nikamwomba Mungu kwa ajili ya wasichana wawili, sikumtaja mwingine, nikaachia breki.

Gari ilipanda. Nasema tu kwamba ilipanda, maana sikumbuki zaidi. Nakumbuka mkono wa tajiri umeshika ubavu wa mlango, na jinsi ulivyolegea tulipokaribia juu. Mmoja wa wasukuma toroli alikuwa amekwisha kufungua kinywa. Alikifunga, akatema mate kwenye reli, akaushika mpini wa toroli lake.

"Mchana kuna safari ya pili," tajiri alisema tulipofika mjini. Ndilo neno pekee alilonipa, na lilinitosha.

Nilikimbia nyumbani kabla ya safari hiyo ya pili. Wazee walikuwa barazani, na mmoja wao, aliyekuwapo siku ya yamini, aliinuka aliponiona na kuniuliza mbele ya wote, "Bado una kazi?"

"Ninayo."

Ami alitoka mlangoni. Alikuwa amevaa nguo za safari. Hakuwatazama wale wazee, lakini alijua wanamtazama. Aliingia, akatoka na yale mafurushi mawili ya kanga, akayaweka chini kizingitini. Hakuyatupa. Aliyaweka, akayasogeza kwa mguu upande wangu.

"Nimeapa," alisema. "Sitawataja."

Kisha, kwa kuwa hakuweza kukaa nyumba moja na watu asioweza kuwataja, akatoa nyundo zake, moja moja, na jiliwa, na tupa laini, akampakia hamali. Benchi alitaka kulichukua pia, likashindwa kupita mlangoni, na kwa muda mrefu alihangaika nalo, akiligeuza huku na huku, jasho likimtoka, wala hakuna mtu aliyemsaidia. Sikumsaidia. Sijajuta. Mwishowe aliliacha limekwama nusu ndani nusu nje, ikabidi turuke juu yake kuingia nyumbani mpaka seremala alipopatikana.

Alikwenda Malindi peke yake na chombo kile cha mchana. Dada yangu alipoolewa, miaka miwili mitatu baadaye, tulimpelekea habari kama ilivyo ada, maana yeye ndiye walii wake, mwenye haki ya kumwoza. Alijibu kwa kumtuma mtu aseme amempa kadhi uwakili. Hakumtaja kwa jina. Alitimiza yamini yake mpaka mwisho, na kwa hilo, na hilo tu, namheshimu.

Siku ile nilipoyabeba mafurushi juu, mdogo wetu alikuwa amejificha nyuma ya mlango, amekumbatia mto wake, tayari kwa safari. Alikuwa amevaa viatu.

"Twaondoka sasa?" akaniuliza.

"Vua viatu," dada yake alimwambia. "Wali umeiva."